Wimbo wa Saba

Ujumbe ulikuwa na maneno mawili tu.

"Ana geni."

Ayak aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, akafuta mikono, akausoma tena. Ilikuwa Jumamosi, saa sita na nusu mchana, na ile ndege ndogo ya Malakal ilikuwa imeondoka Juba tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyeanza kuandika. Alimwuliza Loro, aliyetarajiwa kupanda ndege hiyo, swali fupi ambalo lilimchukua dakika ishirini kulituma: "Umeondoka au?"

Na jibu ndilo hilo.

Loro hakujua kuandika Kiswahili vizuri. Alikuwa anakata vichwa vya maneno. Mtoto kwake ni toto, mchele ni chele, mlango ni lango. Ayak alikuwa ameyazoea maandishi hayo mpaka akayapenda, kwa hiyo kuona geni badala ya mgeni hakukumshtua. Kilichomshtua ni ile "ana". Mtu hajisemi "ana". Hilo ni neno la mtu mwingine anayekueleza habari za mwenzake. Maana yake kuna mtu ameshika simu ya Loro, anajibu kwa niaba yake, na mtu huyo anakata vichwa vya maneno vilevile kama yeye, kama watu waliozoeana nyumba moja.

Kabla hajaiweka simu mezani ikalia. Alikuwa Akuol, binti wa mjomba wake, ambaye walikuwa wanaishi pamoja Hai Malakal, mtaa mmoja wa Juba.

"Ayak, uko wapi?"

"Kazini."

"Uko peke yako?"

"Niko na damu za watu. Sema."

"Sikia, cuzo. Nimepita Atlabara kwa fundi wa nguo. Kwa huyo Loro wako kuna mwanamke. Anaanika nguo za watoto kwa kamba kama mwenye nyumba. Nikamsalimu, akaniitikia vizuri tu, hata hakuona haya. Nikaona heri uskie kwangu kuliko uskie kwa watu."

"Nimeshaambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na simu yake."

Akuol akamwuliza kama arudi nyumbani mapema ampikie. Ayak akasema hapana. Akakata simu, akarudi kwenye hadubini, akahesabu wadudu wa malaria kwenye damu ya mtu asiyemjua mpaka akakosea hesabu mara mbili. Ndipo akaandika: "Basi mgeni wako akae. Mimi usinitafute tena." Akabonyeza haraka, asije akapata nafasi ya kufikiri.

Loro hakujibu.

* * *

Walikuwa wamekutana kwa sababu ya albamu moja.

Ulikuwa mwaka wa nne wa amani, na kila siku magari yalikuwa yanaleta watu kutoka Kenya, Uganda na Khartoum. Ayak alikuwa mmoja wao. Alikulia Eldoret kwa shangazi yake, akasomea kazi ya maabara, akaja Juba kwa mkataba wa zahanati moja. Watu walimwambia anarudi nyumbani, na yeye akasema hivyohivyo. Lakini nyumbani hapo watu walizungumza Kiarabu cha Juba, na yeye alikuwa na maneno kama kumi tu ya kuokota. Majirani wakimsalimu aliweza jibu la kwanza, "kwes", yaani nzuri. Swali la pili likija, alikuwa anabaki kutabasamu. Akuol, ambaye Kiarabu chake kilikuwa kibovu kama cha Ayak, alikuwa anasafiri na kazi yake karibu kila wiki. Ayak alipika wali kikombe kimoja na bado ukabaki.

Kulikuwa na mama mmoja mzee wa nyumba ya pili aliyemwonea huruma. Siku nyingine alimwachia mlangoni bakuli la mchuzi wa bamia, amelifunika kwa sahani, akaenda zake. Ayak alirudisha bakuli likiwa na sukari ndani. Walifanya hivyo miezi mingi bila kuzungumza zaidi ya salamu.

Basi siku moja jioni, akipita Nyakuron, akasikia Kiswahili kinaimbwa dukani. Sauti ya mwanamke, gitaa moja, bila ngoma. Sauti haikupandishwa hata kidogo. Ilikuwa kama ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili na ambaye amekataa kuitika. Ilisema:

"Tanki la maji limepita, halikusimama kwetu,
mama amenyoosha jerikani kama mkono wa salamu."

Ayak alisimama kwenye vumbi mpaka wimbo ukaisha. Fundi wa redio mwenye duka alitoka na kiti cha plastiki, akakipangusa kwa mkono wa shati lake, akakiweka kivulini. Hakumwuliza ananunua nini. Akarudi ndani, akageuza spika, iliyokuwa inatazama barabara, ikamtazama mgeni wake. Huyo ndiye Loro.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa Kiarabu cha Juba. Ayak akamwuliza unasema nini.

Loro alijikuna kichwa. "Anasema kiwanja ni moja, karatasi ni mbili. Na mzee moja nalala katikati ya karatasi." Akafikiri. "Kwa Kiarabu ni tamu zaidi."

"Hata hivyo ni tamu."

"Sasa wewe ambia mimi ile ya kwanza. Ile ya tanki. Kiswahili yangu ni ya soko tu, mimi nilipata kwa Waganda wa Konyokonyo. Huyu naimba Kiswahili ya kitabu. Mimi nasikia sauti, maana napita."

Mwimbaji aliitwa Nyamuoch. Alizaliwa Malakal, akakimbilia Nairobi, akarudi na gitaa lake. Nyimbo zote alitunga mwenyewe, na CD alizileta mwenyewe dukani kwa Loro ndani ya katoni ya sabuni. Karatasi ya juu ilikuwa na picha yake na jina la albamu, Tumerudi kwa Nani. Majina ya nyimbo hayakuandikwa. Nyimbo zilikuwa kumi, tano za Kiswahili na tano za Kiarabu cha Juba, na ndiyo ilikuwa shida ya watu wengi walioinunua: kila mmoja alipata nusu tu.

Ayak na Loro waliamua kuipata yote. Kila siku akitoka kazini saa kumi, Ayak alikuta kiti kimeshapanguswa. Walisikiliza wimbo mmoja kwa siku. Ukiwa wa Kiswahili, Ayak alieleza. Ukiwa wa Kiarabu, alieleza Loro, mstari kwa mstari, na mahali alipokwama alichora kwa mkono hewani. Nyamuoch hakumtukana kiongozi yeyote wala hakuhubiri. Aliimba vitu vinavyoonekana. Aliimba mjane wa askari anayekwenda kila mwezi kuuliza jina la mumewe, na kila mwezi karani mpya anamwambia aandike tena. Aliimba msichana anayesikia ng'ombe wa mahari wakihesabiwa nje na hakuna aliyeingia ndani kumwuliza kitu. Loro alieleza wimbo huo akiwa ameinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka mteja akaja kuulizia betri.

Ilipofika wimbo wa saba, Loro alibonyeza kitufe, ukarukwa.

"Mbona?" Ayak aliuliza.

"Hii bado."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Hii ni yangu. Siku moja nitaambia wewe."

Ayak alikuwa amenunua CD yake, lakini nyumbani pia aliuruka wimbo wa saba. Aliona ni heshima kungoja aambiwe na mwenyewe.

Alichojua ni kidogo. Vita vilipokuwa vimeuzunguka mji, kaka yake Loro alikimbilia Uganda, na Loro, kijana wa miaka kumi na mitano, alibaki Juba na mama yao aliyekuwa mgonjwa. Mama alikufa, yeye akaendelea kubaki. Sasa waliorudi walikuwa na neno lao kwa watu kama yeye. Walimwuliza kwa kicheko alikuwa anakula nini miaka hiyo, na kwa mkono wa nani, kana kwamba alilishwa na adui. Loro hakuwajibu, akaendelea kutengeneza redio zao.

Kisha ikaja habari ya Malakal. Kituo kipya cha redio kilimtaka fundi, mkataba wa miaka miwili, na nafasi kwenye ndege ya Jumamosi. Loro alimweleza Ayak siku ya Jumanne, polepole, akimwangalia usoni. Na Ayak alimwambia ni kazi nzuri, aende tu. Alidhani hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyosema. Loro akaitikia kwa kichwa. Hawakuonana tena, ikafika Jumamosi ile ya maneno mawili.

* * *

Loro alikuja zahanati mara moja, siku ya nne baada ya ule ujumbe. Ayak alimwona kupitia dirisha la maabara, amevaa shati la kwendea kanisani. Akamwomba mlinzi amwambie ametoka. Mlinzi alikuwa mtu mzima, alimwangalia Ayak kwa upole kama baba, akaenda akasema alivyotumwa.

Loro hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa karibu saa nzima. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa alimdhania naye ni mgonjwa, akamgawia maji ya chupa yake. Loro akanywa, akashukuru, akambebea mtoto mpaka zamu yake ilipofika. Ayak aliyaona yote hayo. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Akakumbuka zile nguo za watoto kwenye kamba, akauondoa mkono.

Hakuja tena.

Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayekula peke yake. Ayak alibadilisha njia ili asipite Nyakuron. CD aliitia kwenye begi chini ya kitanda. Jioni alikaa mlangoni akisikia majirani wakicheka, na kicheko anakijua lakini kinachochekwa hakijui. Mara kadhaa alitaka kumwonyesha mtu ule ujumbe, basi tu, amwambie ona nilivyotendwa. Lakini angemwonyesha nani? Akuol alishatoa hukumu tangu siku ya kwanza, kwamba wanaume ni walewale, hata wasemao kidogo. Shangazi alipiga simu kutoka Eldoret akasema chumba chake bado kipo na mashuka yamefuliwa. Mkataba wa zahanati ulikuwa unaisha. Daktari mkuu alimpa mpaka Jumatatu ya mwisho ya Februari aseme kama anabaki miaka miwili mingine au anaondoka.

Ayak alikuwa amekwisha amua kuondoka. Alikuwa bado hajatamka tu.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, Nyamuoch mwenyewe aliimba kwenye ukumbi wa utamaduni, Nyakuron, saa tisa alasiri. Akuol alipata nafasi mbili, kisha akaitwa safari. Akasisitiza kwenye simu.

"Enda, cuzo. Usikae hapo ukiangalia ukuta."

"Nitaenda na nani?"

"Na masikio yako. Huyo mwimbaji ulimpenda kabla ya huyo fundi."

Ayak alicheka kidogo, akaenda. Aliketi kando ya kiti kitupu. Alitazama watu safu kwa safu, akajiambia hamtafuti mtu. Loro hakuwepo.

Nyamuoch alikuwa mtu mzima kuliko sauti yake. Aliketi kwenye kiti cha kawaida cha plastiki, akaweka viatu pembeni, akaimba kwa mpangilio uleule wa albamu. Tanki lilipopita, akina mama wote ukumbini walinyoosha mikono bila kuambiwa. Mjane wa askari alipoulizwa jina, mwanamume mmoja mwenye sare alitoka nje, akarudi baadaye macho mekundu, na jirani yake akampisha bila kumtazama usoni. Ayak alifikiri: nikirudi Eldoret, nitamweleza nani hizi nyimbo?

Baada ya wimbo wa sita mwimbaji alisimamisha gitaa. Akazungumza kwanza Kiarabu, watu wakacheka, kisha akageukia Kiswahili.

"Sasa nyinyi wa Nairobi, Kakuma na Eldoret, huu nawaeleza mapema. Mwaka jana niliuimba Nairobi, dada mmoja akanijia baadaye akaniuliza, mama, huyo mgeni ni nani, mbona hujatuambia jina lake? Nikamwambia, mwanangu, hakuna mgeni. Wimbo unaitwa Ana Geni. Hapa kwetu 'ana' ni mimi. 'Geni' ni kukaa. Ana geni: mimi nilikaa. Nyote mliondoka, mimi sikuondoka."

Ukumbi ulicheka. Mama wa kiti cha mbele alijipiga mapaja. Ayak hakucheka. Alitoa simu kwenye mkoba. Ujumbe hakuwahi kuufuta. Alitazama swali lake, "Umeondoka au?", halafu jibu lililokuwa chini yake.

Mimi nilikaa.

Neno "geni" alikuwa amelisikia zahanati mara mia, mhudumu akiwaonyesha wagonjwa benchi. Lakini hajawahi kuliona limeandikwa, na Loro hakuwahi kumwandikia Kiarabu hata mara moja. Yeye siku zote alijikaza kwa Kiswahili chake, kwa ajili yake. Siku moja tu alitumia lugha yake mwenyewe, kwa sababu siku hiyo alikuwa na jambo la kusema kwa moyo wake wote.

Ayak alitaka kutoka mbio. Akakaa, kwa sababu wimbo ulikuwa umeanza na alikuwa ameungoja muda mrefu. Sasa aliweza kufuata kidogo, na mama wa kiti cha mbele, alipoona anavyohangaika, alihamia kiti kitupu akamnong'oneza maana kwa Kiswahili cha Kampala. Mlipoondoka mliniachia ufunguo. Nyumba ikaanguka. Ufunguo ninao. Mnaniuliza nilikula nini. Nilikula kuwangoja.

Ayak alilia waziwazi. Yule mama akampa ncha ya kitenge chake.

* * *

Jumapili baada ya misa alikwenda Atlabara, nyumbani kwa Loro. Getini alimkuta mwanamke mwembamba ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Watoto wawili walikuwa wanacheza nyuma yake.

"Habari ya hapa, mama."

"Mzuri. Karibu." Yule mwanamke alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, si kwa ubaya. "Wewe ndiyo ule wa maabara."

"Ndiyo mimi. Ayak."

"Kaa. Mimi iko Goretti, mama ya Lilly. Nilikuwa nataka kuona wewe siku mingi, lakini Loro alikataza mimi kukuja kwako."

Ayak aliketi. Alijua alipaswa kuuliza, na aliogopa jibu. Goretti akamwondolea kazi ya kuuliza.

"Bwana yangu ilikuwa ndugu ya Loro. Alikufa Adjumani, kule Uganda. Mimi nikakuja hapa na watoto, siku mbili mbele ya ile ndege. Wazee wakasema Loro achukue mimi, vile mjane napewa ndugu ya bwana yake. Loro akakataa. Mimi pia nikakataa, mimi namuona kama kaka. Lakini nyumba alipatia sisi. Yeye nalala kwa duka."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tulifika." Goretti alipepeta maharagwe. "Ile Jumamosi begi yake ilikuwa hapa kwa mlango. Alikalia ile begi mpaka ndege ikapita juu. Watoto wakapungia ndege mikono, na yeye pia akapunga. Akacheka sana. Halafu akaandika kwa simu. Simu ikalia, akasoma. Toka hapo sijaona meno yake."

Goretti akasogeza sinia katikati yao, na wote wawili wakachambua maharagwe. Kila Jumapili Loro alikuwa anakuja kula mchana na watoto, alisema, kwa hiyo angoje tu.

Loro alikuja. Alipomwona Ayak alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Ayak."

"Loro. Nimekuja na jambo moja. Nikimaliza, ukinifukuza nitakwenda."

Akampa simu. Loro akasoma midomo ikicheza, akamrudishia macho. Hakuelewa.

"Soma kwa Kiswahili," Ayak alisema. "Mimi nilisoma kwa Kiswahili."

Bado hakuelewa. Goretti, ambaye alizijua lugha zote mbili, alichungulia begani kwake. Kicheko kikamtoka, akakiziba kwa kiganja.

"Loro, wewe. Kwa Kiswahili hii nasema wewe uko na mgeni."

Loro alikaa chini polepole.

"Mimi nilifikiri ni Goretti. Ile ulijibu. Nilifikiri umesikia yeye amekuja, na unataka mimi nifukuze yeye na hawa toto. Nikasema, kama ni hivyo, basi. Siwezi."

"Sikujua hata kama yupo. Akuol aliona nguo tu."

"Nilikuja kwako kueleza. Nikakaa kwa benchi."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona ukimbeba yule mtoto. Nikabaki ndani. Hilo ni kosa langu, silitetei."

Loro alitazama chini. Alipozungumza tena sauti ilikuwa na uchungu wa miezi mitatu.

"Kwa nini hukuuliza, Ayak? Juba yote inajua hii neno. Toto ya miaka mbili inajua. Ungeonyesha mtu yeyote kwa njia."

"Ningemwuliza nani, Loro? Mtu wangu wa kuuliza alikuwa wewe."

Goretti aliinuka, akawachukua watoto, akaenda nao nyuma ya nyumba ingawa jua lilikuwa kali huko.

"Mimi pia," Loro alisema baadaye. "Ile yako nilisoma peke yangu. Mtu yangu ya Kiswahili ilikuwa wewe."

Kisha Ayak akamweleza habari ya mkataba, na kwamba kesho Jumatatu lazima aseme, na kwamba mashuka ya Eldoret yameshafuliwa. Akamweleza na lile la zamani. Siku alipomwambia aende Malakal alikuwa anasema uongo. Alitaka abaki, akaona haya kusema.

"Sasa zamu yako," alisema. "Usiniambie ni kazi nzuri, niende."

Loro hakuchelewa. "Usiende. Mimi nataka wewe ukae, na ukae na mimi. Nimesema kwa Kiswahili, usije ukasoma kitu ingine."

"Nimesikia. Nakaa."

Loro alikunja uso kidogo, kama anapokagua redio iliyokataa. "Mjomba wako atataka ng'ombe."

"Atataka."

"Mimi sina hata mbuzi. Niko na redio."

"Mjomba ana redio iliyokufa tangu Krismasi. Anza na hiyo."

Hapo Loro alicheka, na Goretti kutoka nyuma ya nyumba akauliza kwa sauti kama sasa anaweza kurudi kivulini, kwa sababu jua linamchoma kwa ajili ya mapenzi ya watu.

Walikula pamoja. Jua lilipopungua Loro akasema atamsindikiza Ayak mpaka Hai Malakal. Si mbali, lakini walichukua muda mrefu, kwa sababu Loro alisimama kwenye kila mlango aliojua, na alikuwa anajua karibu yote. Kila mlango alitaja jina la Ayak, akasema anakaa wapi na anafanya kazi gani. Watu walimpa mkono, wakamwuliza swali la kwanza, akajibu. Wakauliza la pili. Ayak akamgeukia Loro, Loro akamweleza, na yule aliyeuliza akangoja bila haraka mpaka jibu lilipomfikia.